Baiskeli Isiyokatiwa Bima

Nimewahi kutumwa kuiba baiskeli mchana kweupe, na aliyenituma ni mwenye baiskeli mwenyewe. Nasema mapema ili asije mtu akanitolea macho katikati ya habari. Aliyenituma alikuwa bosi wangu, na kama ungemjua ungeshangaa kuliko nilivyoshangaa mimi, maana ni mtu ambaye akiazima kalamu anairudisha na kifuniko chake.

Watu wote walimwita Mzee Meno. Kazi yetu ni kutengeneza meno ya bandia. Madaktari wa kliniki ya ghorofa ya juu huchukua alama ya kinywa cha mgonjwa na kutuletea. Sisi tunamwaga plasta, tunapanga meno kwenye nta, tunapika ufizi wa plastiki wa rangi ya waridi, tunasaga na kung'arisha, na mtu aliyekuwa akinywa uji tu anarudi kutafuna mifupa. Chumba chetu kiko chini ya ardhi kidogo, na dirisha lake la pekee linatazama viatu vya wapita njia. Vumbi la plasta linatua juu ya kila kitu humo, hata chai. Nilipoanza kazi nilidhani Mzee Meno ana mvi kichwa kizima, mpaka siku aliponyeshewa na mvua nikagundua kuwa nusu ya mvi zile zilikuwa za kazini. Mimi aliniita Nta, kwa kuwa ndiyo kazi aliyonikabidhi kwanza, na jina likanata.

Alikuwa mtu wa kufanya kila kazi bila kununa, isipokuwa moja. Meno ya watu wanaoishi katika nyumba ya kulelea wazee huja na agizo kwamba yaandikwe jina. Kule watu huvua meno wakati wa kulala na kuyaacha popote, na asubuhi bibi huyu anakutwa na meno ya babu yule, wote wawili wametulia kabisa. Kwa hiyo tunaandika jina kwenye kipande cha karatasi laini, tunakilaza kwenye plastiki ya ufizi kabla haijapikwa, na kukifunika kwa plastiki angavu. Jina linabaki humo humo mdomoni, na mhudumu akiyaokota meno anajua ya nani. Kazi hiyo Mzee Meno alinisukumia mimi siku zote. Alisema mtu akifikia hatua ya kuandikwa jina kinywani, dunia imeshamchezea vya kutosha, na yeye hataki kutia mkono wake hapo.

Sasa baiskeli. Nikisema baiskeli usifikirie ile ya kubebea magunia. Yeye na mkewe walijinyima miaka na miaka, na mkewe alipostaafu, badala ya kununua gari kama watu wenye akili zao, wakanunua baiskeli mbili, ya kijivu ya mzee na nyekundu ya mkewe. Fremu zake nyepesi kiasi kwamba niliweza kuinyanyua moja kwa vidole, na gia zake zilibadilika bila kelele. Mafundi wa baiskeli wa barabarani wakimwona mzee amesimama na yake walikuwa wanaisogelea, wanaikagua kwa heshima, kisha wanaondoka bila kusema kitu. Jumapili wote wawili walitoka nazo mpaka nje ya mji, mkewe akitangulia. Hizo ndizo zilikuwa anasa zao zote hapa duniani.

Mkewe sikuwahi kumwona, ila nilimjua kwa sifa. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni maisha yake yote ya kazi, na mpaka nyumbani mumewe alimwita Mkaguzi. Huyo mama, kwa maelezo ya mzee, hapitwi na inzi. Aliwahi kumshusha kaka yake wa kuzaliwa kwenye kituo kisicho na hata kibanda, kwa sababu ya tiketi ya jana, kisha akamtumia nauli ya kurudi kutoka mfukoni mwake. Mzee akisimulia hayo mota ya kusagia inabaki inazunguka bure mkononi, na meno ya watu yanangoja.

Yote yalianza daktari mmoja wa juu alipoibiwa baiskeli yake uani mwa kliniki, kufuli likabaki chini limekatwa kipande na kipande. Daktari hakulia sana. Alikuwa ameikatia bima, na haikupita muda akaja na mpya, inang'aa kuliko ya kwanza. Tangu siku hiyo Mzee Meno akawa hana raha. Asubuhi anasema atakata bima, jioni anasema hakati. Alisema bima ni kumlipa mtu akukalie kitako asubiri msiba wako. Nikamwambia kinga ni bora kuliko tiba. Akanijibu kwamba kinga anayo nyumbani, na ilishawahi kumshusha mtu kwenye treni.

Hatimaye akakubali wakala wa bima aje kazini kwetu angalau tumsikilize. Alikuja kijana mmoja wa shati lililopigwa pasi, akaketi kwenye kigoda chetu cheusi, na aliposimama suruali yake ilikuwa nyeupe nyuma. Hatukumwambia. Alieleza vizuri, lazima nimpe haki yake. Kulikuwa na bima ya namna mbili. Ya nafuu ilitaka baiskeli zifungwe ndani kwa kufuli la mnyororo mnene, kwenye pete ya chuma iliyojengewa ukutani, na funguo akae nazo mtu mmoja anayewajibika. Ya ghali haikujali pete wala ukuta, ila ada yake ilimfanya mzee aondoe miwani na kuivaa tena.

Kisha wakala akauliza mchana nyumbani anakuwepo nani.

"Yupo Mkaguzi," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayetaja kikosi cha jeshi.

Akaelezwa Mkaguzi ni nani. Wakala akatabasamu. "Mzee wangu, mama si kufuli."

"Ni zaidi ya kufuli. Kufuli hukatwa."

Hapo wakala akasema neno ambalo baadaye nililikumbuka mpaka likanichosha. Alisema kuna kipengele ambacho lazima mteja akielewe kabla ya kutia saini. Kitu kilichotolewa kwa mkono wa mtu wa nyumba ile, kwa hiari yake, hicho hakikuibwa. Kimetolewa. Hata kama aliyetoa alidanganywa, kampuni hailipi. Mzee Meno alicheka mpaka vumbi likamdondoka kwenye nyusi. Mkaguzi amtolee mtu kitu? Labda amtolee risiti ya faini.

Mabishano yakapamba moto. Wakala alisema yeye ameona mama wakali zaidi ya huyo wakitoa mpaka televisheni kwa mtu aliyevaa sare. Mzee akasema tupime. Mimi nilikuwa nachonga ufizi wangu kimya kimya, nikasikia jina langu. Mkaguzi hanijui kwa sura, akasema mzee. Kesho wakati wa chakula cha mchana Nta ataenda nyumbani, atasema ametumwa na mwenye nyumba achukue baiskeli ya kijivu aipeleke kwa fundi. Akipewa, mzee atakata bima ya ghali, tena ya baiskeli zote mbili. Akifukuzwa, wakala asionekane tena.

Nilimwambia bosi wangu, kwa adabu zote, kwamba amerukwa na akili. Akasema nikifukuzwa kwa fagio atanipa siku ya mapumziko. Nikakubali. Binadamu ana bei yake, na mimi yangu haikuwa kubwa.

Hapa lazima niseme kitu ambacho siku zile nilikiona na sikukielewa. Kuna mara mzee alifungua mkebe wake wa chakula mbele yangu, na ndani, badala ya chakula, kulikuwa na soksi zake zimekunjwa vizuri. Alifunika haraka akasema leo amefunga. Nilicheka nikajua wamegombana, na kwamba huyo mama anajua kulipiza. Tena kila asubuhi alipiga simu nyumbani, akiuliza kama jiko limezimwa, kisha akisema, "Haya, niangalizie tena." Mimi nikasema moyoni, mapenzi ya uzeeni hayo, Mungu atupe na sisi.

Kesho yake tukaenda. Mtaa wao ulikuwa wa nyumba ndogo zilizobanana, kuta za rangi ya maziwa, na kwenye kona palikuwa na kinyozi aliyeweka benchi nje. Mzee Meno na wakala wakaketi kwenye benchi hilo. Mzee alifungua gazeti kama mpelelezi, akatazama lango lake la bluu juu ya ukurasa wa michezo. Alikuwa na furaha ya mtoto. Aliniambia nikiona mkewe ameshika fagio nisikimbilie kulia kwa sababu kuna mtaro.

Niligonga. Nilikuwa nimejipangia uongo wangu toka njiani: breki za mzee zinalia, fundi anangoja, mzee ameniomba nipitie. Lango lilifunguliwa kabla sijagonga mara ya pili. Alisimama hapo mwanamke mrefu, nywele zimekatwa fupi, na sweta iliyofungwa kombo, kifungo kimoja kimekosa tundu lake. Alinitazama toka unyayo mpaka utosi. Nikasema moyoni, sasa anaomba kitambulisho.

Uso wake ukafunguka wote.

"Umechelewa," alisema. "Nimekungoja tangu asubuhi. Kitambaa chako cha kichwa umekiacha wapi? Mama akikuona hivyo atatuua wote wawili."

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba ni mtego, maana wakaguzi wana mbinu zao. Nikaanza uongo wangu, shikamoo mama, nimetumwa na mzee, breki zinalia. Hakusikiliza hata nusu. Aliniuliza mzee yupi, akanionya nipunguze sauti kwa kuwa baba amelala, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto na ulinishika kama unaonijua miaka yote.

Baiskeli zilikuwa kwenye ujia, zimesimama juu ya mkeka, safi kuliko vyombo vya kulia chakula. Nilijua kwa nini nimekuja, na bado sikuthubutu kuigusa. Aliigusa yeye. Aliminya tairi la ile ya kijivu kwa kidole gumba, akaridhika, akanikabidhi usukani. Kisha akanipa pampu. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, akaenda ndani akarudi na ufunguo wa lango akautia mfukoni mwangu, akisema mimi ndiye nisiyepoteza vitu.

"Mdogo wangu," alisema, "ushike breki ya nyuma kwanza. Ya mbele si ya kuchezea. Usije ukaruka kichwa kama siku ile."

Akachukua ile nyekundu akatoka nayo. Lango akaliacha wazi, pande zote mbili, nyumba nzima inatazama barabara.

Ningefanya nini? Wengine wameniambia ningemshika, ningemrudisha ndani, ningepiga kelele. Wanaosema hivyo hawajawahi kutazamwa vile. Nilijua sasa kwamba huu si mtego na wala si mzaha. Nikapanda baiskeli ya watu na sketi yangu ya kazini, nikamfuata, kwa sababu jambo moja tu lilikuwa wazi kichwani mwangu: nisimwache aende peke yake.

Na mama huyo alijua kuendesha. Alikaa wima, akanyoosha mkono kabla ya kukata kona, akapita mashimo bila kuyatazama. Mimi ndiye niliyeyumba nyuma yake kama mlevi. Tukaikaribia kona ya kinyozi. Nilimwona Mzee Meno anasimama. Gazeti lilimteleza likaenda chini, na uso wake bado ulikuwa umebaki na kile kicheko alichokuwa amekiandaa.

Mkaguzi alipunguza mwendo. Alitua mguu mmoja chini mbele ya benchi, akainamisha kichwa kidogo, kama msichana aliyelelewa vizuri anapokutana na mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, babu," alisema.

Mashine ya kinyozi ilizimwa. Nusu ya kichwa cha mteja ilikuwa imenyolewa na nusu bado, na wote wawili walikuwa wanatazama. Wakala aligeukia upande mwingine.

"Marahaba," alisema Mzee Meno.

Mkaguzi akaridhika, akaendelea na safari. Tulipofika mbele kidogo akaniambia, bila kugeuka, kwamba yule babu kama amewahi kumwona kwenye treni, na kwamba alikuwa na tiketi.

Sitasahau. Nimezika wazazi wangu wote wawili na bado naweza kusema kwamba sijawahi kupigwa na kitu kama kile. Nilikuwa napiga pedali na machozi yananiziba macho, na mbele yangu mwanamke mzima anaimba wimbo wa kitoto kwa sauti ndogo. Tulipita maduka, tukapita shule, tukafika mahali barabara inapogawanyika. Hapo akasimama. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Wimbo ulikuwa umekwisha. Aliponigeukia, macho yake yalikuwa na woga ambao sitaki kuuona tena kwa mtu.

"Tunaenda wapi?"

"Nyumbani, dada," nilisema. Uongo wangu wa breki haukufaa kitu siku ile, ila huu wa udada ulifaa.

Tulirudi kwa njia ya nyuma ili tusipite tena kwa kinyozi. Mzee alikuwa ametangulia, amesimama kwenye lango anahema, na wakala kando yake ameshika gazeti lililochafuka. Mkaguzi alishuka, akalitazama lango lililokuwa wazi, na mbele ya macho yangu akarudi. Sijui niseme vipi. Mabega yalipanda, kidevu kikapanda, na sauti iliyotoka ilikuwa ile niliyosimuliwa.

Aliuliza nani ameacha lango wazi kana kwamba nyumba hii haina mwenyewe. Akamuuliza mumewe kwa nini yupo nyumbani saa za kazi. Kisha akanitazama, mimi mdogo wake wa punde tu.

"Na huyu ni nani aliyepanda baiskeli yako?"

"Ni Nta, wa kazini," alisema mzee. "Nimempa mimi."

"Wewe unampa kila mtu kila kitu. Siku moja watakuiba na wewe." Akachukua baiskeli zote mbili, moja kila mkono, akaziingiza ndani.

Mzee Meno aliketi kwenye kizingiti cha lango lake, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Wakala alisimama, hakujua aweke wapi mikono. Tukasikia ndani maji yanamiminwa kwenye birika, na mzee akageuza kichwa kusikiliza kama jiko limewashwa sawasawa. Ndipo akasema, si kwa wakala, kwangu.

"Nilijua, Nta. Soksi nilijua. Jiko nilijua. Nilitaka tu akufukuze. Mara moja tu nimwone anamfukuza mtu."

Mdogo wake Mkaguzi, mzee aliniambia baadaye, alifariki wakiwa bado wasichana. Walijifunza baiskeli pamoja, kwa baiskeli ya baba yao waliyoitoa kwa siri wakati amelala. Watoto wa mzee, waliokuwa wakiishi mbali, hawakuwa wameambiwa lolote. Kila wakipiga simu mama yao alikuwa amelala, au anaoga, au ametoka kidogo. Mzee wa watu alikuwa amegeuka ukuta, anaziba kila upande, na mimi nilikaa naye meza moja nikacheka soksi.

Wakala alirudi kazini kwetu, na nilikuwa tayari kumrushia nyundo ya plasta akitaja ushindi wake. Hakuutaja. Alisema amefikiria. Bima ya ghali isingemfaa mzee tena, kwa sababu ya kile kipengele: mama akitoa kwa mkono wake, kampuni hailipi, na sasa wote tunajua kwamba atatoa. Ila ile ya nafuu, ya pete na kufuli, funguo zikikaa kwa mzee peke yake, hapo mama hata akitaka kutoa hatakuwa na cha kutoa. Lakini lazima waandike ukweli. Akashika kalamu, akauliza kwa upole lile swali lake la kwanza, mchana nyumbani anakuwepo nani.

Mzee alikuwa anang'arisha meno ya mtu. Alizima mota.

"Andika yupo mgonjwa," alisema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kujisikia. Akawasha mota akaendelea, na siku hiyo hiyo aliwapigia watoto wake simu. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuja kukaa nao ili mchana pawe na mtu.

Pete ikajengewa ukutani. Baiskeli zote mbili zikafungwa. Asubuhi iliyofuata Mkaguzi alikwenda na kitambaa chake kufuta ile nyekundu, kama anavyofanya kila siku aliyopewa na Mungu, akakuta mnyororo. Hakupiga kelele. Mzee alisema ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa chini kwenye mkeka kando ya gurudumu, akamuuliza mumewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuliza maswali hayo yeye, kosa lake ni nini mpaka afungiwe chombo chake. Mzee alisimama na funguo mkononi. Akafungua.

Wakala aliposikia kwamba mzee anakata bima ya ile ya kijivu tu, alishika kichwa. Ile nyekundu ndiyo ghali zaidi, alisema, na ndiyo itakayokaa bila kufuli, tena mikononi mwa mtu atakayemkabidhi yeyote atakayegonga. Mtu mwenye akili akikata moja, anakata ile. Alisema kweli, na mimi nilimuunga mkono. Nilimwambia mzee asiendeshe mambo kwa huruma.

"Ile nyekundu ikienda, itakwenda naye juu yake," alisema mzee. "Kampuni itaniletea nyekundu nyingine. Nitaifanyia nini?"

Wakala alifunga mkoba wake pole pole. Mlangoni akageuka, akatoa ushauri ambao hakulipwa kwa ajili yake. Alisema wenye baiskeli za thamani huchora namba ya simu kwenye fremu, chini ya kiti, pasipofutika. Haizuii wizi, ila mwenye moyo mwema akiiokota anajua pa kuirudisha.

Kesho yake mzee aliiteremsha ile nyekundu kwenye ngazi zetu akailaza juu ya meza ya kazi, katikati ya taya za watu. Alichukua kekee nyembamba kuliko zote, ile tunayochongea mistari ya jino, akachora namba yake ya simu kwenye fremu. Nilimshikia taa. Hakukosea hata tarakimu. Alipomaliza alipuliza vumbi, akapitisha kidole juu yake.

Haikupita wiki nyingi, nikafika asubuhi nikakuta kazi mpya mezani. Taya la juu, meno madogo mazuri, plastiki ya ufizi imeshalazwa kwenye kikombe cha kupikia na bado mbichi. Kando yake palikuwa na kipande cha ile karatasi laini kimeandikwa tayari. Nikajua ni kazi ya nyumba ya wazee, nikavuta kigoda na kuchukua koleo, maana kazi hizo ni zangu. Kisha nikasoma. Lilikuwa jina la mwanamke, jina zuri ambalo sikuwahi kulisikia. Chini yake palikuwa na namba ya simu, na namba hiyo niliijua, niliishikia taa.

Mzee Meno alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa koti lake la kazi.

"Nipe mimi, mzee," nilisema. "Hii huwa naifanya mimi."

"Hii hapana."

Akachukua koleo mkononi mwangu. Alikilaza kipande kile mahali pake kwa mkono uliotulia, akakibana kingo zisikunjamane, akamwagia plastiki angavu juu yake tone kwa tone. Kisha akaleta taa karibu, akaniambia nisome. Nikasoma jina kwa sauti. Akaniambia nisome na namba. Nikaisoma yote, mpaka mwisho.

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

Akafunika kikombe, akakisukuma chini ya mashine ya kubania, akaniambia nikaze. Nikakaza.